Augustino hakumnyang'anya mtu utashi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala mliyoichapa Jumapili iliyopita kuhusu Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini miaka 1,600 hivi iliyopita. Mwandishi alimshitaki kwa mambo mawili. Kwanza, kwamba alifundisha kuwa binadamu hana hiari, sote ni vikaragosi tunaovutwa kwa nyuzi, aliyepangiwa kuokoka ataokoka na aliyepangiwa kuangamia ataangamia. Pili, kwamba aliwazoeza Wakristo kufumba akili na kuamini tu. Mimi ni katekista, nimefundisha kwa miaka 19. Makala nyingi huzisoma nikaziacha zipite, na hii pia ningeiacha kama isingeletwa darasani kwangu.

Aliileta kijana mmoja kati ya watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo. Aliikata kwa mkasi, akaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Wenzake walipokwisha kutoka, akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye neno "vikaragosi" na kuniuliza, "Mwalimu, kama mtakatifu wenu mwenyewe anasema sina uwezo, mimi najisumbua nini?" Kijana huyu anapambana na pombe. Jibu alilotamani kulisikia nililijua kabla hajamaliza kuuliza, maana na mimi nililitamani zamani.

Swali lake lina umri wa miaka 1,600 hivi. Karibu na mwaka 426 lilizuka katika monasteri moja ya Hadrumetum, mji wa pwani ya Tunisia ambao leo unaitwa Sousse. Mmonaki wa huko, jina lake Florus, alikwenda kwao Uzalis, akakuta barua ambayo Augustino alimwandikia padri Sixtus wa Roma miaka kadhaa nyuma. Ni barua nzito, inasema neema ya Mungu hailipwi kama mshahara kwa mtu aliyeistahili. Florus akainakili. Barua ilipofika monasterini, wamonaki wakagawanyika. Baadhi yao wakaisifu neema mpaka wakasema hiari haipo, na kwamba siku ya hukumu Mungu hatamlipa kila mtu kwa matendo yake. Wengine hawakukubali kabisa. Vijana wawili, Cresconius na Felix, wakafunga safari hadi Hippo kumwona mwenye barua.

Augustino alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Kama kweli aliamini kwamba binadamu ni kikaragosi, hapo ndipo mahali pa kusema, tena mbele ya watu waliokwisha kumwelewa hivyo. Alifanya kinyume. Aliwabakiza vijana wale mpaka Pasaka ikapita, akaketi nao, akawasomea, na alipomwandikia Valentinus, mkuu wa monasteri, akaweka maswali mawili bega kwa bega: kama neema ya Mungu haipo, Mungu anauokoaje ulimwengu? Na kama hiari haipo, anauhukumuje ulimwengu? Kisha akawaandikia kitabu kizima juu ya neema na hiari. Kitabu hicho kinaanza kwa kuitetea hiari kwa Maandiko. Mungu anaamuru "fanya hivi", "usifanye vile", na amri haina maana kwa asiye na utashi.

Katika kitabu hichohicho anamweka nabii Ezekieli pande mbili. Mahali pamoja Mungu anasema, "jifanyieni moyo mpya na roho mpya." Mahali pengine anasema, "Nami nitawapa ninyi moyo mpya." Augustino anauliza: anayesema jifanyieni ndiye anayesema nitawapa, sasa kwa nini aagize kama atatoa mwenyewe, na kwa nini atoe kama mtu ndiye atakayefanya? Jibu lake ni kwamba Mungu hutoa anachoagiza, kwa kumsaidia mtu akifanye. Ukifuta sentensi moja ya Ezekieli, yoyote ile, kazi ni rahisi. Yeye alikataa kufuta hata moja, na ndiyo maana watu wa kila upande wanaona anawakera.

Narudi kwenye hizo nyuzi za kikaragosi, kwa sababu Augustino alizijibu mwenyewe alipokuwa akihubiri Injili ya Yohane. Alifika kwenye maneno ya Yesu kwamba hakuna awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba. Akatambua waumini watauliza: ninaaminije kwa hiari yangu kama ninavutwa? Akawajibu kwa mifano ya mashambani na nyumbani. Mwonyeshe kondoo tawi bichi, umemvuta. Mwonyeshe mtoto njugu, anavutwa, anakuja mbio, na mwilini mwake hakuna kamba. Anavutwa kwa kupenda. Nilipomsomea kijana wangu mahali hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na chupa nayo hunivuta hivyo." Nikamwambia ndiyo, hivyohivyo, na ndiyo maana kumwambia mtu "acha" mara mia hakumtoi. Lazima aonyeshwe kitu kingine cha kupenda, na moyo wake upate nguvu ya kukipenda. Hiyo nguvu ndiyo Augustino anaiita neema.

Mzee huyu hakuyatoa haya vitabuni tu. Mwaka 386 alikuwa Milano, ana miaka 31, mwalimu wa ufasaha katika mji aliokaa mfalme. Akili yake ilikuwa imekwisha kukubali. Mahubiri ya Ambrosi, askofu wa Milano, yalimwondolea vizuizi vyake kuhusu Maandiko, na vitabu vya wafuasi wa Plato vikamwondolea wazo kwamba Mungu ni kitu chenye mwili. Kisingizio cha kutojua hakuwa nacho tena. Na bado hakuweza kusogea. Katika kitabu cha nane cha Maungamo, alimosimulia maisha yake, anaeleza jambo ambalo sijaona mtu akilieleza vizuri kuliko yeye: roho ikiuamuru mkono unyanyuke, mkono unanyanyuka upesi mno hata huwezi kutenganisha amri na utii. Roho ikijiamuru yenyewe itake, haitii. Anayeamuru na anayeamriwa ni yuleyule, lakini hatii.

Mhariri, mimi mahali hapo napajua. Kuna usiku mmoja, mke wangu akiwa amekwenda kwa dada yake pamoja na watoto kwa sababu yangu, niliichukua chupa nikaimwaga yote kwenye sinki la jikoni. Nikafungua bomba nikasuuza hata harufu isibaki. Mkono ulitii kila nilichouambia: shika, fungua, inamisha. Niliketi sakafuni nikilia, nikiamini nimeshinda. Kabla ya saa moja asubuhi nilikuwa nimenunua nyingine, na mkono uleule ukaifungua kwa utii uleule.

Miaka mingi niliamini kwamba usiku ule sikuwa na utashi. Augustino ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa nao, ila ulikuwa umepasuka vipande viwili, kimoja kinataka na kingine hakitaki, na vyote viwili ni mimi. Anaifuata pingu ile pete kwa pete: utashi uliopotoka ulizaa tamaa, tamaa ilipotumikiwa ikawa mazoea, mazoea yalipoachwa bila kupingwa yakawa lazima. Mtu aliyefikishwa hapo ukimwambia "jikaze", umemwambia atumie kiungo kilichovunjika kujiunga chenyewe. Ukimwambia "huna uwezo wowote, kaa", umemwacha barabarani. Kumbukeni na ule mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko. Augustino aliupenda na kuurudia: mtu yule ni mzima wa kutosha kuhitaji tiba, lakini amejeruhiwa kiasi cha kutoweza kujibeba hadi nyumba ya wageni.

Kule bustanini Milano alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikiimba "twaa usome, twaa usome". Akakifungua kitabu cha Mtume Paulo, macho yakaangukia Warumi 13: "si kwa ulafi na ulevi, si kwa ufisadi na uasherati, si kwa ugomvi na wivu. Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo." Yeye neno lililomchoma lilikuwa uasherati. Mimi ni lile lililotangulia.

Mwandishi wenu amekosa jambo moja kubwa, kwamba Augustino hakuanza na fundisho hili. Katika mazungumzo yake na rafiki yake Evodius juu ya hiari, kitabu alichokianzia Roma baada ya ubatizo wake wa mwaka 387, anazungumza kama mtu anayeona utashi unaweza karibu kila kitu. Wamanikeo, wafuasi wa Mani ambao aliwafuata kwa miaka 9, walikuwa wakidai uovu unatoka kwa nguvu nyingine ya giza. Yeye alitaka kuonyesha kwamba dhambi inatoka kwetu. Karibu mwaka 396 Simplicianus, padri mzee wa Milano, akamwuliza maswali juu ya Waraka kwa Warumi. Kujibu kulimgeuza. Baadaye, alipokuwa akipitia upya vitabu vyake vyote, alikiri kwamba katika kujibu alijitahidi kuipigania hiari ya binadamu, lakini neema ya Mungu ikashinda. Neno lililomwangusha lilikuwa moja, la Mtume Paulo kwa Wakorintho: "Nawe una nini usichokipokea?" Pelagius, mpinzani wake mkubwa juu ya neema, alipokuja kubishana naye, alitumia maneno ya kile kitabu cha Augustino juu ya hiari kama ushahidi. Mzee hakukikana kitabu chake. Alieleza alikuwa anabishana na nani, na kwa nini neema haikutajwa sana. Mimi namwamini zaidi mwalimu anayeacha makosa yake yasomwe.

Na Pelagius mwenyewe nisimwonee. Alikuwa mtu wa Britania aliyeishi Roma, mwenye maisha safi, na alichukizwa na Wakristo waliojificha nyuma ya udhaifu. Aliposikia sala ya Maungamo, "Toa unachoamuru, kisha amuru utakacho", hakuweza kuivumilia. Namwelewa. Nimewahi kuutumia udhaifu wangu kama blanketi, na mtu kama Pelagius angenivua blanketi hilo, nami nilihitaji kuvuliwa. Ila baada ya kunivua angeniacha na baridi. Kwake neema ilikuwa zaidi ni sheria, mfano mwema wa Kristo, na hiyo hiari tuliyoumbwa nayo. Mlevi sheria anaijua na mifano myema anaiona kila siku. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 ulipomkataa ulisema wazi kwamba neema haitufundishi tu la kufanya, inatupa pia kulipenda na kuliweza.

Wamonaki wa Hadrumetum walikuwa na la ziada. Habari zilimfikia Augustino kwamba mmoja wao amesema: kama kutenda mema ni zawadi ya Mungu, basi wakubwa wetu wasitukemee tunapokosa, watuombee tu. Je, hilo si lilelile alilouliza kijana wangu? Augustino akaandika kitabu kingine, juu ya kukemea na neema, na humo anasema kwamba asiyetaka kukemewa anastahili kukemewa kwa hilo hilo. Daktari hutumia kisu, na Mungu hutumia maneno makali ya jirani.

Mimi nilikemewa na padri mzee ambaye sasa ni marehemu. Alikuja nyumbani, akakataa kiti, akaniambia kwa sauti ya chini mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia usoni. Kisha akanipa kazi mbili: kila siku niombe, na nisirudi nyumbani kwa njia ninayoizoea. Wakati huo nilimwona ananidharau. Miaka mingi baadaye nilikuta sentensi ya Augustino katika kitabu chake juu ya maumbile na neema, kwamba Mungu haamuru yasiyowezekana, bali kwa kuamuru anakuonya ufanye unaloweza na uombe usiloweza. Mtaguso wa Trento wa karne ya 16 uliichukua sentensi hiyo. Nilipoisoma nilimwona tena yule padri amesimama mlangoni. Kubadili njia niliweza. Kutotamani sikuweza. Nilifanya la kwanza nikaomba la pili, na ilikuwa hivyo kwa miezi, kwa kuanguka na kuinuka, hadi siku moja nikagundua kwamba ile njia ya mbali ninaipenda. Ni miaka 24 sasa. Ukiniuliza kipi kilikuwa changu na kipi cha Mungu, siwezi kukugawia. Mtume Paulo anawaambia Wafilipi "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka", kisha bila hata kupumua anasema ndiye Mungu atendaye kazi ndani yao, "kutaka kwenu na kutenda kwenu".

Kuhusu akili nitasema kwa ufupi, kwa sababu shitaka hili halina miguu. Augustino aliwaacha Wamanikeo kwa kutumia akili. Waliahidi kumfundisha kila kitu kwa hoja bila kumlazimisha kuamini, lakini vitabu vyao vilipozungumzia jua, mwezi na nyota, aliona hesabu za wanafalsafa zinatabiri kupatwa kwa jua siku na saa yake, na vitabu vya Mani havilingani nazo. Akamsubiri mkubwa wao, Faustus, aje Karthago amweleze. Faustus akaja, msemaji mtamu, na jibu hakuwa nalo. Mtu wa kufumba akili hasubiri majibu miaka yote hiyo. Alipokuwa askofu alimwandikia Consentius, mtu aliyemwomba ufafanuzi, kwamba ni mbali kabisa Mungu kukichukia ndani yetu kile kilichotufanya bora kuliko wanyama wengine, na kwamba tusingeweza hata kuamini kama tusingekuwa na roho yenye akili. "Kupende sana kuelewa," anamwambia. Ni kweli alifundisha kuamini ili kuelewa, lakini katika mahubiri yaleyale alisema pia elewa ili uamini. Na alikuwa na hoja ya kawaida kabisa: mama yako na baba yako unawajua kwa kuwaamini waliokuambia. Hakuna anayeanza kuishi kwa kuthibitisha.

Sisemi kwamba Augustino alipatia kila mahali. Kuna mahali namwacha. Alifundisha kwamba watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo wanahukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Nimesimama na wazazi kwenye kaburi la urefu wa mkono wangu, na maneno hayo hayakunitoka mdomoni wala hayatatoka. Kanisa langu nalo halikubaki hapo. Katekisimu ya mwaka 1992 inatufundisha kuwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Pia vitabu vyake vya mwisho, alivyowaandikia Prosper na Hilary, wafuasi wake wa Gallia (Ufaransa ya leo), juu ya kuchaguliwa tangu awali, ni vigumu, na wengi wamevitumia kuwakatisha watu tamaa. Hata hivyo Mtaguso wa Orange, mwaka 529, uliposhika fundisho lake juu ya neema, ulimlaani yeyote atakayesema kwamba Mungu amewapangia watu uovu. Mwandishi wenu angelitaja hilo angalau kwa mstari mmoja.

Alikufa tarehe 28 Agosti 430, Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Algeria, wakati wavamizi Wavandali wameuzingira. Possidius, askofu rafiki yake aliyekuwa naye, anasimulia kwamba aliomba Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma na kulia, na kwa siku kama kumi hakutaka mtu aingie ila waganga na waliomletea chakula. Sasa mtu aliyeamini kwamba yote yamekwisha kupangwa na utashi wake si kitu, analia toba ya nini?

Naomba, Mhariri, mchapishe barua hii ukurasa uleule makala ilipokaa, ili waliokata ile waweze kuikata na hii.

Kijana wangu aliikunja makala yake tena mara nne. Mlangoni akageuka akaniuliza, "Na kama nitaomba leo usiku, kesho nikanywa tena?" Nilimwambia kipindi chetu ni Jumamosi saa kumi, aje akiwa amekunywa au hajanywa.

Katekista, msomaji wenu wa siku nyingi